Yuko Majini Tayari

Simu ya Upokoina ililia ndani ya mkoba wangu dakika ishirini kabla hatujaingia majini. Mimi ndiye niliyekuwa nahodha wa wanawake sita wa Visiwa vya Cook, na mimi ndiye niliyeweka sharti kwamba siku ya mashindano simu zote nakaa nazo. Nikapokea.

Alikuwa Teokotai, kaka yake, akipiga kutoka kwetu Mangaia.

“Dada Tepaeru, mpe Upoko simu. Mama anamtaka. Tangu alfajiri anamtaja. Hana muda mrefu tena duniani, dada.”

Upokoina alikuwa hatua kumi tu kutoka kwangu, anajipaka mafuta ya nazi mabegani huku akiwachokoza wanawake wa Tahiti. “Mmebeba leso, wapenzi? Leo mtalia mpaka Papeete!” Nao wakamrushia mchanga, wakicheka.

Nilimtazama. Mbele yetu ghuba ya Anse Vata, kule ugenini, ilikuwa imechafuka, na tulikuwa na kilomita kumi na nane za kupiga kafi. Hakuna mwingine kati yetu ila yeye aliyejua kushika usukani wa ngalawa katika mawimbi ya ubavuni. Mara tatu nilikwenda kwenye Michezo ya Pasifiki, mara tatu nikarudi mikono mitupu. Nilikuwa na miaka thelathini na minane.

“Yuko majini tayari,” nikasema.

Nyuma ya Teokotai nilisikia akina mama wakiimba wimbo wa kanisani, taratibu, kama wanaombembeleza mtoto.

“Basi mkirudi tu.”

“Tukirudi tu.”

Nikaizima.

Mimi nilikaa mbele kabisa, yeye nyuma kwenye usukani, na anayekaa mbele kwenye ngalawa hageuki nyuma. Kwa saa nzima na nusu sikumwona Upokoina. Nilimsikia tu, sauti yake ikipita juu ya vichwa vya wenzetu wanne. “Tepaeru! Unapiga kafi au unakoroga tui?” Wenzetu wakacheka, pumzi zikiwakata. Nami nikavuta. Nilivuta kwa nguvu ambazo sijawahi kuwa nazo, kwa maana kila alipocheka nilitaka tufike.

Tuliwapita Watahiti kwenye boya la mwisho. Yeye ndiye aliyetupitisha: aliliona wimbi mapema, akatupandisha juu yake, likatubeba. Ufukweni alinikumbatia mpaka mbavu zikaniuma.

“Lete simu! Nimpigie Mama!”

Nikampa. Aliyepokea ni Teokotai: Mama alikuwa amekata roho tukiwa bado majini, na saa aliyonipigia mimi akaitaja.

Kwetu ilikuwa bado Ijumaa. Kule kwenye mbio, Jumamosi. Ndivyo ilivyo ukivuka bahari ile, siku hubadilika katikati. Kwa hiyo hadi leo Mangaia wanaamini kwamba Mama Noovai alifariki siku moja kabla ya mbio, na mwanawe, shujaa, akashindana akiwa msibani. Walimwimbia hivyo kwenye uwanja wa ndege tuliporudi. Upokoina hakuwasahihisha. Mama alikuwa ameshazikwa siku mbili kabla.

Wiki ya tatu baada ya kurudi nilikwenda kwa Upokoina. Alikuwa jikoni anamenya taro, magimbi ya kwetu. Hakuuliza kilichonileta.

“Niliogopa ungevunjika,” nikasema.

“Nani alikwambia?”

Akaendelea kumenya.

“Mama ndiye aliyenifundisha usukani, unajua? Nikiwa na miaka tisa. Ningeongea naye. Ningelia. Halafu ningeingia kwenye ngalawa, Tepaeru, na ningewapitisha vilevile.” Aliweka kisu chini. “Miaka kumi na minne umekaa mbele yangu. Ungeniuliza tu.”

Nilitaka aendelee. Nilitaka apige kelele, anifukuze, majirani wasikie. Badala yake aliinuka, akaepua chungu, akanipakulia samaki na majani ya taro yaliyopikwa kwa tui, sahani imejaa, kama anavyopakuliwa mgeni.

“Kula,” akasema. “Umetoka mbali.”

Nyumba yangu ilikuwa ya tatu kutoka pale.