Kitu cha Sitini

Mimi ndiye niliyemhamisha mama yangu, na nilimhamisha vizuri. Hilo naomba lieleweke kabla sijasema jingine lolote. Kwa miaka ishirini na miwili kazi yangu imekuwa kupanga ratiba za mabasi kwenye stendi ya mjini, na basi likichelewa dakika nne mimi hukosa raha hadi jioni. Kwa hiyo mgodi ulipotuandikia barua kwamba kijiji chetu cha Suha Drenka kinaondolewa ili wachimbe makaa ya mawe yaliyo chini yake, na kwamba funguo za nyumba zikabidhiwe tarehe kumi Februari, majirani walilia, wengine wakalewa, mimi nikaenda kununua daftari.

Niligawa nyumba nzima katika vitu sitini. Kila sanduku lilikuwa na namba pande zote mbili, na utepe wa rangi ya chumba kitakacholipokea. Vyombo nilivifunga kwa mashuka, maana mashuka nayo yalikuwa yanahama, kwa nini nibebe magazeti? Chupa za pilipili za kusaga na kachumbari, mia moja na kumi, nilizisimamisha kwenye soksi za marehemu baba. Nilipima mlango wa lifti ya jengo jipya la mjini, tulikopewa fleti, nikaona kabati la Mama litakwama kwa upana wa vidole vitatu, nikamleta fundi alifungue ubao kwa ubao wiki moja kabla. Jiko la kuni halikuwa na mahali ghorofa ya tano, kwa hiyo nilipata mnunuzi. Hata paka nilimtafutia mtu wa kumlea.

Kitu cha sitini kilikuwa simu, na hicho ndicho kilichonishinda.

Nina kaka, Trifon. Baba yetu alianguka kutoka juu ya paa akibadilisha vigae peke yake, kwa sababu Trifon, aliyekuwa ameahidi kumshikia ngazi, alikuwa kilabuni. Siku ya arobaini, watu wote wameshika viganjani ngano ya kuchemsha inayoliwa kumkumbuka marehemu, mimi nilimsimamisha mbele yao nikamwambia, "Kama una haya hata chembe, usikanyage tena hapa." Kumbe haya alikuwa nayo. Kesho yake alipanda basi la kwenda Hispania, basi la stendi yangu mwenyewe, lililoondoka kwa wakati. Hakuandika barua, hakutuma salamu, na miaka tisa ikapita.

Lakini kila tarehe mosi Februari, Siku ya Mtakatifu Trifon, wanaume wakiwa shambani wanapogoa mizabibu na kuimwagia divai, simu ya Mama ililia kabla ya saa sita mchana. Aliyepiga hakusema neno. Alipumua tu. Mama naye alivuta kiti, akamhadithia mwaka mzima: nani kafa, nani kaolewa, mbuzi kazaa pacha, theluji imevunja tawi la mcheri. Kisha simu ilikatika, na Mama akaenda kukaanga vitunguu huku anaimba.

"Ni matapeli hao, Mama," nilimwambia kila mwaka. Siku zile matapeli walikuwa wanawapigia wazee nchi nzima. "Unawapa habari zetu zote bure."

"Tapeli gani anapiga siku ya jina la mwanangu tu, tena anavuta kamasi?"

"Mafua hayo. Hata matapeli wanaugua."

"Neda, mimi ndiye niliyempangusa ile pua. We kapange mabasi yako."

Ofisi ya simu iliniambia namba haihami. Mtambo wa kijiji ulikuwa unabomolewa pamoja na kijiji, na yeyote atakayepiga namba ya zamani baada ya tarehe kumi atasikia kimya. Fleti ingepewa namba mpya kabisa. Nilipomweleza Mama, aliketi juu ya sanduku la kumi na saba.

"Basi sihami mpaka apige."

"Lori ni tarehe ishirini na tano Januari, Mama. Kijiji kizima kinahama, hakuna lori lingine."

"Liende. Sanduku zako zipande, mimi nitabaki na simu yangu."

Tukabishana siku mbili, na mwisho nikapata mpango. Mimi hupata mpango siku zote. Simu ingebaki sakafuni kwenye nyumba tupu, kitu cha mwisho kuhama, na tarehe mosi tungerudi wote wawili, Mama apokee na kumsomea huyo apumuaye namba mpya. Nikaandika kwenye daftari: sitini, simu, tarehe mosi, Mama. Nikaipigia mstari.

Siku ya lori mambo yalikwenda kama ratiba. Dereva, mzee Radoy, alipoona tepe zangu za rangi alivua kofia.

"Dada, nimehamisha watu miaka thelathini. Wewe ungefaa kuhamisha jeshi."

"Punguza maneno, mzee wangu. Ya bluu inapanda mwisho."

"Na bibi je, anapanda na utepe gani?"

"Mimi mnifunge wa jikoni," Mama akajibu, na alikuwa wa kwanza kucheka.

Alimwaga maji kizingitini, kama wanavyomwaga akina mama wa kwetu ili safari iteleze, na mzee Radoy akateleza kwelikweli akakalia barafu na sanduku la chupa mapajani. Hakuna hata moja iliyovunjika. Zile soksi. Nilijivuna sana, nakumbuka, na mpaka saa tisa Mama alikuwa ameketi jikoni kwake kupya, anakata mkate kwa kisu chake mwenyewe, akiuliza mbona dirishani haonekani mtu.

Usiku wa tatu alianza kukohoa. Tarehe mosi asubuhi nje baridi ilikuwa imeshuka hadi kumi na mbili chini ya sifuri, na kule nyumbani jiko lilikuwa limekwisha chukuliwa na yule mnunuzi wangu. Mama alikuwa amevaa koti na kitambaa kichwani, anangoja mlangoni na mkoba.

"Hutoki," nilimwambia. "Kifua hicho, na nyumba haina moto. Nitakwenda mwenyewe."

"Akisikia sauti yako atakata."

"Tapeli hana shida na sauti yangu."

Angeweza kunishinda siku ile kama angepiga kelele, lakini alikohoa, na nilikwisha kufunga mlango kwa funguo mbili. Nilimfungia mama yangu ndani, nasema wazi. Kutoka upande wa pili akaniambia, "Basi msomee polepole. Anza na namba, usianze na mengine. Soma mara mbili."

Kijiji kilikuwa kimenyamaza. Milango mingi ilikuwa imeng'olewa, na mashine za mgodi zilisikika nyuma ya kilima. Niliketi juu ya ndoo katikati ya chumba, simu nyekundu miguuni, karatasi ya namba kwenye goti. Nilikuwa nimeiandika kwa tarakimu kubwa ingawa naijua kwa moyo. Saa tano na dakika ishirini ikalia.

Nilinyanyua. Nikasikia pumzi, na ndani ya pumzi ile mluzi mdogo wa pua iliyovunjwa na mlango wa zizi kaka yangu akiwa na miaka sita, mlango niliousukuma mimi. Ni yeye. Miaka yote tisa alikuwa yeye. Mama alikuwa anazungumza na mwanawe na mimi nilikuwa namcheka.

Nilichotaka kusema ni nisamehe. Naapa nilitaka kusema hivyo. Lakini niliogopa atakata, na mimi nikiogopa huwa napanga. "Usikate!" nikasema. "Chukua kalamu." Na sauti iliyotoka ilikuwa ile ya stendi, ile ya siku ya arobaini, sina nyingine. Nilisoma sifuri, nikasoma nne, nikasoma moja. Pale ikakatika.

Nilingoja hadi giza lilipokaribia, haikulia tena. Katikati ya kungoja nilitoka uani nikaupogoa mzabibu wa baba kwa mkasi wa jikoni, kwa sababu Mama alikuwa ameagiza, ingawa wiki ijayo tingatinga lingeung'oa. Kesho yake niliomba likizo kazini, nikarudi. Nikarudi kila siku hadi tarehe kumi, nakaa juu ya ndoo ile ile, nasema peke yangu maneno ambayo ningesema. Tarehe kumi mchana nilinyanyua mkono wa simu na hapakuwa na mlio wowote. Nikaing'oa ukutani, nikaibandika namba sitini na utepe wa njano, kisha nikamkabidhi mtu wa mgodi funguo.

Lakini jibu Mama alilipata siku ile ile ya kwanza. Nilipofungua mlango alikuwa amesimama pale pale nilipomwacha, na koti lake.

"Kapiga?"

"Kapiga."

"Kaandika namba?"

Uso wake ulikuwa wa msichana. Ningesema nini?

"Kaandika."

"Umemsomea mara mbili?"

"Mara mbili, Mama. Polepole."

"Na hakukata?"

"Hakukata mpaka nilipomaliza."

Akanishika kichwa akanibusu paji la uso, jambo ambalo hakuwa amenifanyia tangu tumzike baba. "Umeona?" akasema. "Na wewe alikusikiliza. Kakusamehe." Nilikwenda bafuni, nikafungua bomba ili asinisikie, nikalia hadi maji ya moto yakaisha.

Nimemtafuta. Nimeuliza kila dereva wa laini ya Hispania, nimetuma picha kwa makanisa yetu ya huko, nimeandika kwenye ubalozi. Anayetaka kupotea hupotea. Mtu mmoja alidhani amemwona kwenye mabanda ya plastiki ya kulimia nyanya kule kusini, mwingine akasema huyo alikuwa Mromania. Suha Drenka sasa ni shimo. Ukisimama ukingoni huwezi hata kuonyesha kwa kidole mahali palipokuwa na nyumba.

Mwaka uliofuata, tarehe mosi Februari, Mama aliamka akachana nywele, akavaa blauzi ya kanisani, akapika kuku na mchele. Simu nyekundu ilikuwa kwenye meza ndogo ukumbini, na kiti chake kando. Alikuwa amekusanya habari mwaka mzima, mimi nilijua, maana mtu akifa alikuwa anasema, "Hiyo ya Trifon." Saa nne. Saa tano. Alikuwa anainua mkono wa simu kidogo, anasikiliza kama kuna mlio, anaurudisha haraka haraka.

Saa tano na robo nilisema naenda kutupa takataka. Niliteremka hadi chini kabisa, nikakaa kwenye ngazi karibu na masanduku ya barua, nikatoa simu yangu ya mkononi. Simu ya Mama haionyeshi namba ya mtu. Nilifikiri, nitapumua tu. Atanihadithia mwaka wake, atakaanga vitunguu, na mwakani nitapumua tena, na mwaka mwingine, mpaka mmoja wetu aondoke. Huo ndio ulikuwa mpango wangu. Nikapiga.

Alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha. Nikapumua. Niliweka kidole kwenye tundu moja la pua nipate ule mluzi, mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, na ndoo ya takataka kando yangu. Nilisikia saa ya Mama ya ukutani, kitu cha arobaini na mbili. Nilisikia kifua chake.

"Neda," alisema, kwa upole kabisa. "Weka simu chini, mwanangu. Trifon asije akapiga akakuta laini inatumika."

Nikakata. Sikupanda juu. Nilibaki pale kwenye ngazi na simu imezimwa mkononi hadi saa sita ilipopita, nisije nikaishika laini.