Mstari kwenye Bega la Tairi

Kwa maneno ya Mama Wavinya, muuza mboga jirani na duka la matairi pale Kangundo, Musili, dereva wa pikapu ya maji, alikuwa amelewa chakari. Alishuka mteremko akiimba, mkono mmoja nje ya dirisha, na tairi la nyuma lilipopasuka hakukatiza hata wimbo. Pikapu ikaingia kwenye kahawa za watu, tangi la maji likabingirika kama boga. Mama Wavinya hakuwapo. Alikuwa hapa hapa akikata sukuma wiki, lakini ungedhani alikaa kiti cha mbele.

"Na ile harufu," akasema. "Mtu alisimama mbali na bado akalewa."

Wateja wakacheka. Nzilani, msichana anayejifunza ufundi dukani, aliyeinamia rimu na brashi ya waya mkononi, hakucheka.

Tairi lenyewe lilikuwa limeletwa dukani, likatupwa kwenye rundo la matairi mabovu yanayongoja kukatwa viatu vya akala. Asubuhi ile Nzilani alikuwa amelipindua. Kwenye bega la nje aliona mstari uliozunguka tairi zima, laini, unaong'aa kana kwamba umepigwa msasa. Ulevi hauachi mstari kama huo. Huachwa na madigadi, lile bati linalofunika gurudumu, tairi likiwa kubwa kuliko nafasi yake.

Na saizi ile aliichagua yeye.

Wiki mbili nyuma Fundi Ndunda alienda matanga Wamunyu, akamwachia duka. Makau, mwenye pikapu, alitaka matairi mapana. Nzilani hakuvuka darasa la nane, ila namba za tairi alizijua kama majina ya ndugu zake. Alipaka chaki ndani ya madigadi za mbele, akamwambia Musili, dereva, azungushe usukani hadi mwisho, kulia na kushoto. Chaki haikuguswa. Nyuma akapitisha vidole kati ya tairi na madigadi, vitatu vikapita.

"Dada Nzilani," Musili akasema, "si tujaze tangi kwanza? Hii gari ikibeba maji hulala nyuma."

Alijua ni kweli. Ndunda mwenyewe humwambia kila mara kwamba gari hupimwa likiwa na mzigo wake. Lakini vijana watatu wa bodaboda walikuwa wameegemea pikipiki zao wakitazama, na mmoja alishauliza kama huyu msichana anajua matairi ama anajua chapati. Kumkubalia dereva mbele yao kungeonekana ni kutojua.

"Wewe kazi yako ni kuendesha," akamjibu. "Mambo ya saizi niachie mimi."

Vijana wakaangua kicheko, safari hii wakimcheka Musili. Utamu wa kicheko kile ulimkaa Nzilani rohoni siku nzima. Sasa ulikuwa shubiri.

Musili alifutwa kazi. Na kilichomchoma Nzilani zaidi ni kwamba yule mtu hakumtaja kwa yeyote. Jana alipita na jembe begani, akienda kulima kibarua, akamsalimia, "Uko salama, dada?" Nzilani akainama kutafuta spana iliyokuwa mkononi mwake.

Saa kumi Titus, mshona akala, alikuja na mkokoteni. Akapakia moja, mbili, akafika kwenye lile.

"Hili nalo liko na nyama," akasema, akitoa kisu kupima unene wa mpira.

Likikatwa, mstari utaondoka vipande vipande chini ya nyayo za watu, na Musili atabaki mlevi hadi azeeke. Nzilani angeweza kunyamaza.

"Hilo wacha," akasema.

Alilibingirisha kuvuka barabara.

"Nzilani, takataka unaipeleka wapi?" Mama Wavinya akauliza, akamfuata.

Makau alikuwa kwenye bomba lake anakouzia maji, amekalia jerikani, watu wamepanga foleni. Nzilani akalilaza tairi miguuni pake.

"Mzee, pitisha kidole hapa."

Makau akapitisha.

"Hapo lilikuwa likisugua madigadi, tangi likijaa. Musili aliniambia tujaze maji kwanza ndio tupime. Nikakataa, tena nikamdharau mbele ya watu. Ndunda hakuwapo. Saizi nilichagua mimi. Na hakuwa amelewa."

Mama Wavinya akaanza kufunga leso upya, leso ambayo haikuwa imefunguka. Nzilani alihisi macho ya wale watu yakimtambaa shingoni kama siafu, lakini hakuondoka.

"Naomba umrudishe kazini, mzee. Na useme hapa hapa, hawa wakisikia."

Makau hakuinua uso. Kidole chake kilikuwa bado kwenye ule mstari, kikiufuata polepole kuzunguka tairi, mpaka kikarudi pale kilipoanzia, kikaanza tena. Jerikani ya mtu ilijaa, maji yakaanza kumwagika chini, na hakuna aliyefunga bomba.