Aliyemshika Amoit

Malaba watu wanajua mambo yako kabla wewe mwenyewe hujayajua. Ukishuka garimoshi na sanduku lako, hujafika hata kwa mwenyeji wako, tayari kuna mama sokoni ameshaeleza umekuja kufanya nini na utaondoka lini. Ndiyo maana ilikuwa ajabu, tena ajabu kubwa, kwamba Mwalimu Euphrasia alimaliza karibu muhula mzima pale na hakuna aliyejua kwa nini hasa aliacha kazi shuleni kule Khunyangu.

Kaka yake Bwire, aliyefanya kazi stesheni, ndiye aliyemwombea nafasi. Alimwambia Hedimasta Paulinus wa shule ya pale kwamba dada yake alistaafishwa kwa malaria iliyompanda kichwani, na sasa amepona. Paulinus hakuchimba sana. Ilikuwa miaka ile baada ya Uhuru, kila mzazi anataka mtoto wake asome, na darasa la tatu lilikuwa halina mtu wa kulifundisha. "Tutamjaribu muhula mmoja," akasema. "Mkaguzi akija akiridhika, kazi ni yake."

Malaria gani! Euphrasia alikuwa na kifafa.

Kilimwangusha kule Khunyangu mbele ya darasa, chaki mkononi, na alipozinduka alikuwa peke yake sakafuni. Watoto wamejazana madirishani wakimtazama. Walimu wenzake nao wako nje pamoja na watoto. Gauni limelowa, ulimi unavuja damu. Hakuna aliyethubutu kuingia, maana kwetu huku mtu wa kifafa hashikwi. Mate yake yakikugusa, wanasema, na wewe tayari unacho. Haukupita muda, serikali ikamstaafisha kwa sababu ya afya, naye hata miaka thelathini alikuwa hajafika. Akarudi Bukhayo kwa mama yake kulima mihogo. Kila asubuhi aliwasikia watoto wa shule wakipita barabarani wakiimba hesabu za kuzidisha, na kila asubuhi roho ilimuuma upya.

Dawa ndiyo iliyomrudisha. Vidonge vidogo vyeupe, kila siku bila kukosa, na mwaka ukapita hajaanguka, na mwingine ukapita. Daktari akasema anaweza kufundisha tena. Daktari anasema! Daktari si mzazi wa Malaba.

Na jamani, alivyofurahi kurudi! Alifika shuleni kabla ya mlinzi kufungua mlango. Aliandika tarehe ubaoni kwa mwandiko wa kuringia, akaifuta, akaiandika tena kwa raha tu. Watoto walimpenda, nao wakamzoea haraka. Kwa muda mrefu alikuwa amejiona kama chombo kilichovunjika kikawekwa uchagoni. Sasa alikuwa mtu tena, na hilo alikuwa tayari kulilinda kwa uongo wowote.

Darasani mwake kulikuwa na msichana aitwaye Amoit, mkubwa kuliko wenzake kwa sababu alichelewa sana kuletwa shule. Mama yake, Roselida, aliuza samaki karibu na stesheni. Kila wakati wa mapumziko mama huyo aliacha samaki wake akaja kusimama kwenye ua wa shule, anamtazama mtoto, kisha anarudi. Watu walimcheka. "Roselida, huyo mtoto ataibiwa na nani?"

Siku moja Amoit alisimama kusoma kwa sauti. Katikati ya sentensi akanyamaza. Euphrasia aliyaona macho yake, na alijua kabla ya mtu yeyote mle ndani. Benchi likapinduka. Mtoto akaanguka chini, mwili unatetemeka wote, povu mdomoni.

"Kifafa! Kifafa!"

Wee! Darasa zima likamwagika nje, wengine kwa mlango, wengine kwa dirisha. Na Mwalimu Euphrasia, niseme ukweli, alikimbia nao. Tayari mguu mmoja ulikuwa nje ya kizingiti. Kichwani mwake lilikuwepo neno moja tu: wakikuona umemshika, watauliza umejuaje. Paulinus alikuwa anakuja mbio kutoka ofisini, anapiga kelele, "Mwalimu, toka! Usimguse!"

Akageuka kuangalia nyuma. Akauona ule mwili mdogo peke yake sakafuni, na madirisha yote yamejaa nyuso. Akarudi ndani.

Alisukuma mabenchi mbali. Alikunja sweta lake akaliweka chini ya kichwa cha mtoto, akamgeuza kwa ubavu, akafungua kola. Mdomoni hakuingiza kitu. Alisubiri tu, mkono wake begani pa Amoit, mpaka mtetemeko ukapungua na pumzi ikatulia. Halafu akaona sketi imelowa. Hapo ndipo alipofungua leso aliyojifunga kiunoni, akamfunika mtoto kuanzia kifuani mpaka miguuni, akainuka akafunga madirisha moja moja, nyuso zile zikabaki huko nje.

Amoit alipofumbua macho aliuliza, "Nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu," Euphrasia akamwambia. "Umelala kidogo. Umeamka."

Ofisini Paulinus alikuwa ameweka beseni la maji ya dawa mezani. Nje, chini ya mlingoti wa bendera, wazazi walikuwa wameshaanza kukusanyika. Habari Malaba haitembei, inaruka. Roselida, aliyefika mbio akakuta madirisha yakifungwa, alikuwa ameketi kwenye kiti, harufu ya samaki bado mikononi, na Amoit amesimama mlangoni amejifunga ile leso.

"Nawa hapa, mlango wazi, wazazi waone," Paulinus akamwambia Euphrasia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na woga, na alitaka jambo liishe upesi. "Mimi nitawaambia wewe ni mgeni, hukujua ni kifafa. Na wewe sema hivyo hivyo. Mkaguzi anakuja juma lijalo, sitaki kukupoteza. Mtoto atarudi nyumbani leo na hatakuja tena. Pole, Mama Amoit, lakini hii si hospitali."

Roselida hakubishana. Ni kama maneno hayo aliyangoja tangu siku ya kwanza. Alikuwa akimwangalia Euphrasia tu.

"Huyu mtoto nimemshika mimi peke yangu tangu alikuwa mdogo," akasema. "Kule tulikotoka, siku moja moja mtu anajitia moyo, anakuja kunisaidia. Mwingine anakamata mikono, mwingine anataka kutia kijiko mdomoni. Lakini hakuna hata mmoja amewahi kumfunika. Hakuna hata mmoja amefunga dirisha." Akainuka. "Mwalimu, wewe ulipoanguka, ulishikwa na nani?"

"Mama, unasema nini?" Paulinus akaingilia. "Mwalimu aliugua malaria." Akamgeukia Euphrasia, akingoja.

Kichwa tu kilitosha. Angekitikisa kidogo kukubali, akanawa mikono, kesho angekuwa ubaoni anaandika tarehe. Mungu wangu, alivyolitaka darasa lile! Aliwaza jembe na mihogo, aliwaza sauti za watoto wakipita barabarani, akahisi machozi yanampanda. Amoit alikuwa amekamata ncha za leso kwa mikono yote miwili, anamtazama.

"Hakuna aliyenishika," Euphrasia akasema. "Walikimbia wote."

Paulinus akasukuma kiti chake nyuma mpaka kikagonga ukuta. Akautazama mkono wake wa kulia, ule aliompa Euphrasia asubuhi wakisalimiana, akaupangusa kwenye suruali bila kujua anaupangusa.

"Dada," akasema, na hakumwangalia usoni, "kachukue vitu vyako darasani."

Euphrasia akainama kuchukua sweta lake, alilokuwa ameliweka sakafuni alipoingia. Alitaka kutoka kabla ya kulia, lakini Roselida alikuwa amesimama mbele yake, amemshika mkono, mkono uliolowa mate ya mtoto, nao hata haujaoshwa.

"Amoit, njoo hapa," Roselida akasema. "Mwangalie huyu vizuri. Anaanguka kama wewe, na ni mwalimu."