Somo la K Isiyosikika

Jina la Kinaifu alilipata mezani kwao, angali na meno ya utoto. Baba yake alikuwa mwalimu wa Kiingereza aliyeogopwa mtaa mzima, na nyumbani kwake chakula hakikuguswa mpaka watoto wasome maneno. Siku hiyo yalikuwa maneno yanayoanza na "kn". Mtoto akalitazama neno "knife", maana yake kisu, akalisoma kama alivyoliona.

"Kinaifu."

Baba alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaivuta sahani ya mtoto, akamsogezea dada yake.

"K ipo, lakini haitamkwi," alisema. "Ndivyo nawe ninavyokutaka humu ndani. Uwepo, usisikike."

Kesho yake alikisimulia kisa hicho darasani, na kabla jua halijazama mtaa ulikuwa umeshampa mtoto jina jipya. Likamganda kama kupe. Alikua nalo, akaoa nalo, na hata kwenye karakana alikotengeneza majokofu wateja waliulizia, "Kinaifu yupo?" bila kujua lilikotoka. Maneno mengine ya "kn" aliyajifunza kwa njaa: "knee" ni goti, "kneel" ni kupiga magoti, "knock" ni kubisha hodi, "knot" ni fundo. Na fundo lenyewe akaliweka rohoni, akalikaza.

Kisha mzee akapigwa na kiharusi. Mdomo ulipinda, mkono wa kulia ukafa, na maneno yakamkimbia yote, ya Kiingereza na ya Kiswahili. Dada mtu alikaa ghorofa ya juu kabisa, jengo halina lifti, kwa hiyo mgonjwa akaletwa kwa Kinaifu. Majirani walimsifu. Mtoto gani siku hizi anamlea baba namna hii?

Hospitalini, mama mmoja mpole anayefundisha wagonjwa kuzungumza upya aliwaambia, "Ulimi wake ni kama mtoto anayeanza kutembea, msiukimbize. Mwanzisheni na maneno aliyoyapenda zamani."

"Aliyoyapenda tunayajua," alisema Kinaifu.

Mkewe aligundua kwamba mumewe ametabasamu, akafurahi. Alidhani damu imekuwa nzito kuliko maji.

Asubuhi mke ndiye aliyemhudumia mkwewe. Alimkanda mkono kwa kitambaa cha moto huku akimtamkisha taratibu: maji, chai, mlango. Mzee alijitahidi, na likitoka hata nusu ya neno, mke alimshangilia kama ameshinda uchaguzi. Jioni ilikuwa zamu ya mume. Akirudi kazini, ananawa grisi, anachukua bilauri ya maji, anaingia chumbani kwa baba yake na kufunga mlango.

"Haya, Mwalimu," alisema jioni ya kwanza, akaketi karibu na kitanda. Bilauri aliishika pale ambapo mkono mzima wa mzee usingeifikia. "Knee. Sema."

Mzee alimtazama, akayatazama maji. "Ni... ni..."

"Sawa. Maana yake?"

Mzee akagusa goti lake chini ya shuka.

"Sitaki kuonyeshwa. Nataka neno. Wewe ulikubali kuonyeshwa?"

Midomo ya mzee ilihangaika. Mate yakamchuruzika kidevuni. Mwishowe ikatoka sauti iliyofanana na "goti", na Kinaifu akampa funda moja tu. Akaivuta bilauri.

"Kneel."

Kinaifu mwenyewe hakutegemea kwamba zamu hiyo ingemkolea hivyo. Kazini mchana alijikuta akichagua maneno ya jioni, na mikono ilimchangamka kwenye mabomba ya jokofu. Alipomwona yule aliyekuwa akitikisa nyumba kwa kikohozi tu sasa akibabaika mbele ya herufi mbili, kitu fulani kifuani kilitulia, kama mtu aliyekunwa mahali palipomwasha miaka mingi. Kesho yake pakawasha tena, zaidi.

Mke alianza kuona midomo ya mkwewe imepasuka. Uji aliubugia kama anafukuzwa. "Mnasoma nini huko mpaka mlango ufungwe?" aliuliza.

"Mazoezi. Si ndivyo tulivyoambiwa?"

"Mbona mtu mwenyewe anakauka?"

"Ugonjwa huo, mke wangu. Usinifundishe kumtunza baba yangu."

Jioni moja ya joto kali mke alimsikia mzee akilia. Akausukuma mlango. Mumewe alikuwa ameketi, miguu ameikunja nne, bilauri imejaa mkononi. Mzee alikuwa ametambaa mpaka ukingoni mwa kitanda, shingo ameinyoosha.

"Know," Kinaifu alikuwa akisema kwa upole. "K haisikiki. Maana yake, Mwalimu?"

Mke akaingia. Alimpokonya bilauri, akapiga magoti kando ya kitanda, akaipeleka mdomoni mwa mzee.

"Baba, kunywa. Kunywa tu, baba yangu."

Mzee akafumba mdomo.

Mke alidhani hajasikia. Akainamisha bilauri, maji yakamwagika shingoni, na mzee akageuza uso. Macho aliyakaza kwa mwanawe. Jasho lilimtoka, mishipa ya shingo ikamsimama.

"Ku..." alisema. "Ku... ju... kujua."

Ndipo alipofungua mdomo apewe maji. Akanywa yote, akihema, na mke akalia kwa sauti.

Kinaifu alisimama. Alitegemea kuona aibu, au ushindi. Hakuona kimojawapo. Alijisikia akisema, "Neno jingine."

"Toka," mkewe alimwambia. "Toka humu ndani kabla sijapiga kelele mtaa mzima ujae hapa."

Kesho yake dada mtu alikuja na vijana wawili wa kubeba. Hakumsalimia mdogo wake. Kinaifu aliegemea ukuta wa ua, akatazama baba yake akipitishwa ndani ya blanketi.

"Nawe ulikula sahani yangu," alimwambia dada yake.

"Nilikuwa mtoto," dada alijibu. "Wewe una mvi."

Walimpandisha mzee ghorofa zote hizo, na huko hakushuka tena akiwa hai. Dada mtu alisimulia matangani kwamba mpaka mwisho, kila alipoletewa maji, mzee alihangaika kwanza kutafuta neno, na lisipopatikana alikaa na kiu yake, akingoja. Ilibidi wamlaghai, wamnyweshe akiwa usingizini. Waliokuwa wanafunzi wake walijaa, wakamsifu kwa jinsi alivyowanyoosha.

Kinaifu alirudi kwenye majokofu yake. Mkewe hakuondoka, alipika, alifua, alijibu alipoulizwa. Ila walikuwa na binti mdogo aliyeanza kusoma Kiingereza shuleni, na kazi zake za shule mama alizihamishia jikoni. Jioni, akiwa sebuleni, Kinaifu aliwasikia wawili hao wakisoma pamoja, mtoto akikosea, mama akicheka naye. Siku moja aliinuka, akasimama mlangoni.

"Mnasoma nini? Nije niwasaidie?"

Mtoto alimtazama mama yake. Mama akakifunga kitabu, wakiwa bado katikati ya ukurasa.

"Tumeshamaliza," alisema.