Kikohozi cha Kufuli

Kikohozi kilikuwa cha kaka yake, na sasa mtaa mzima ulikuwa nacho.

Mwandishi alikichukua bila kuomba. Redioni mtu haonekani akiingia. Lazima awe na mlio wake. Kwa hiyo Kufuli, mwenye nyumba katili wa mchezo wake, alipewa kikohozi: mara mbili kavu, kisha kifua kinapiga filimbi. Wasikilizaji wakikisikia tu, wanajua kodi imefuatwa.

Kaka yake ni seremala. Kifua chake kimejaa vumbi la mbao.

"Watoto wakipita karakana wananikoholea," alisema, gundi bado vidoleni. "Jana mteja kaniita Kufuli. Shemeji yako akacheka, halafu akajiziba mdomo."

"Kaka, ni mchezo tu."

"Mchezo wako, kifua changu. Kitoe."

Akajaribu. Alimpa Kufuli shada la funguo. Zikasikika kama vijiko. Akampa fimbo, ikawa kama mtu anabisha hodi. Akampa viatu vinavyolia, vikaenda hewani, na simu zikaanza kuita studio.

"Wanauliza huyu wa viatu ni nani," mtayarishaji, mama wa makamo, alisema bila kuinua macho. "Mrudishie mtu wangu kifua chake, au mzike."

"Mama, bila Kufuli nabaki na watu wanaosalimiana."

"Basi akohoe."

Alikesha akimkasirikia kila mtu: mama yule, kaka, na zaidi yeye mwenyewe, aliyekosa akili ya kubuni kikohozi chake. Kisha akamwandikia Kufuli kifo: ngazi, kikohozi kimoja, kishindo, kimya.

Baada ya kurekodi, mwigizaji wa Kufuli alimpiga begani. "Umenifukuza kazi vizuri, bwana."

Kipindi kilipokwisha hewani, alimkuta kaka karakanani, akizima redio.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Haya." Kaka akashika randa. Vumbi likapanda. Ghafla shingo ikamvimba, macho yakajaa maji. Akageukia ukutani, akakibana kikohozi mpaka mabega yakatetemeka.

"Kohoa tu, kaka."

"Nenda nyumbani, mdogo wangu. Nina kazi."

Akatoka. Mchezo ulimpoteza Kufuli, mwigizaji akapoteza mkate wake. Na mwandishi, alipofika kwenye kona, ndipo alipokisikia nyuma yake, mlango ukiwa umefungwa: mara mbili kavu, kisha filimbi.