Kurasa Mbili kwa Mpigo

Saa nne asubuhi mtunza filamu alipangusa viti viwili, akafunga mapazia, akawasha projekta. Jumba la muziki lilitaka kuonyesha mazoezi ya zamani ya okestra yake, enzi za yule mwongozaji mashuhuri ambaye wapigaji walimwita Fimbo. Wanawake wawili wa tumbo moja waliitwa kutaja majina ya sura zilizosahaulika.

Mdogo mtu alikuwa mpiga fidla wa okestra hiyo mpaka alipostaafu. Dada mtu alikuja kwa kubembelezwa. Siku iliyorekodiwa ndiyo siku aliyofukuzwa, kwa kupiga peke yake mahali ambapo wote walipaswa kunyamaza. Hakugusa fidla tena. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa akijilaumu, na alikuwa amechoka.

Ukutani walionekana wakiwa mabinti, stendi moja ya noti mbele yao. Kufunua kurasa ilikuwa kazi ya mdogo. Fimbo, aliyefariki miaka tisa iliyopita, alishusha mikono, akatazama nje ya picha.

"Vaa miwani," alimwambia dada mtu pale kitini, kisha akawageukia wapigaji wake. "Haya jamani, tena, toka mwanzo wa ukurasa."

"Ndiyo kawaida yake," mtunza filamu alisema. "Akiona mgeni anarudia."

Dada mtu alivaa miwani. Akauona mkono wa mdogo wake ukifunua kurasa mbili kwa mpigo, bila pupa, kisha ukaurudisha mmoja wakati macho yote yakimtazama dada aliyekuwa akipiga peke yake. Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu. Huyu alikuwa ndani ya blauzi aliyoazima kwa dada yake.

Fimbo alirudia mara nne. Mara zote nne mkono ulifunua mbili.

"Na wewe uliona?" dada mtu alimuuliza.

"Niliona siku ileile," Fimbo alijibu. "Nafasi ya kudumu ilikuwa moja, na yeye ndiye aliyeitaka zaidi."

Hasira ilimpanda dada mtu, akamgeukia mdogo wake.

"Dada, yaliyopita si ndwele," mdogo mtu alisema.

"Wanao nimewalea mimi," dada mtu alisema, "wewe ukiwa safarini na kiti changu."

Ukutani, Fimbo alinyoosha kidole mlangoni. Binti aliyefukuzwa alifunga fidla yake ndani ya kasha, akapita kati ya viti, akatoka kwenye filamu na kuingia chumbani akilia. Mtunza filamu alisogeza waya asijikwae.

"Nimekosea wapi?" binti aliuliza.

Mdogo mtu aliinuka kitini, akamuwahi, akampangusa machozi kwa ncha ya mtandio wake.

"Umehesabu vibaya tu, dada. Nenda nyumbani ukapumzike. Mimi nitakuombea kwake."

"Usimwamini," dada mtu alisema. "Amekufunulia kurasa mbili. Nimemwona."

Binti alimkagua yule mama mzima mwenye miwani, kama mtu anavyomkagua mpita njia mwenye fitina. Kisha akaushika mkono wa mdogo wake kwa mikono miwili, akaushukuru.