Daftari la Kwenye Msumari

Katika mji mzima wa Bwera hakuna mwanamke wa rika la Marita aliyeishi na kompyuta nyingi kama yeye. Zilikuwa tatu, katika chumba cha nyuma cha hoteli yake. Kazi yake kwazo ilikuwa kuzipangusa vumbi, na hata hiyo wenye kompyuta walimnyang'anya siku alipokuja na kitambaa chenye maji.

Chumba hicho alikuwa amewapangisha vijana waandika programu: Evas, Bright na Nobert. Mtandao wa Bwera huja usipoutarajia na huondoka bila kuaga, basi vijana walinunua daftari la jalada jeusi, wakalitundika kwenye msumari karibu na mlango. Aliyesumbuka siku tatu na tatizo mpaka akalipatia dawa, aliandika humo kile kipande cha msimbo na maelezo yake: kosa lilikuwa hili, tiba ni hii, jihadhari na lile. Wenzake walichukua bure. Sharti lilikuwa moja: ukichukua, andika jina lako chini ya ukurasa, na popote utakapokitumia, taja ulikokitoa.

Marita, aliyeishia darasa la tano, hakuona jambo geni hapo. "Hayo ni maharage," aliwaambia. Kwao mlimani, mbegu uliyopewa huiiti yako hata uivune miaka kumi. Shambani mwake mlikuwa na maharage ya Saudah. Saudah alishakufa zamani, lakini kila chungu kikiinjikwa, alitajwa.

Hata kwenye daftari Marita alikuwa na sehemu yake. Evas alipotunga programu ya kupima kahawa ya chama cha ushirika, alimketisha bibi aijaribu. Alipoambiwa aandike kilo, Marita akaandika "ng'ombe". Programu ikafa papo hapo. Evas alicheka mpaka machozi, kisha akairekebisha, na ndani ya daftari akaongeza jibu la kumrudi bibi kwa jina lake.

Jumatano moja Evas aliingia jikoni, daftari mkononi.

"Nalichoma, Bibi."

"Kwa moto wangu? Chai itanuka hasira. Kuna nini?"

"Nobert amepeleka programu yangu Kasese. Amewaambia viongozi wa chama kwamba ameitunga peke yake, na kesho kutwa anawaonyesha wanachama. Angalia ukurasa, hakuandika jina! Aliupiga picha tu, simu ikamgeuzia mwandiko kuwa herufi za kompyuta. Nina hakika hata hakusoma."

Marita akasimamisha mwiko. "Hakusoma?"

"Angesoma angelifuta jina lako."

Bibi aliushusha mwiko. Alifikiria chumba kile bila daftari, kila mmoja amegeuzia mwenzake mgongo, anahangaika siku tatu na jambo ambalo jirani alishalimaliza. "Niachie hilo daftari mpaka Ijumaa," alisema. "Baada ya hapo, kiberiti nitakuwashia mimi."

Ijumaa alivaa busuti, gauni lake la heshima, akabeba kikapu, akaenda Kasese. Alikuwa mwanachama halali, mwenye mibuni sitini. Nobert alikuwa mbele ya ukumbi, maneno ya laptopu yake yakionekana makubwa ukutani.

"Mama huyu naye ametoka Bwera," alisema Kosiya, mwenyekiti. "Mnajuana?"

Nobert, ambaye jana yake tu alikula sombe, mboga ya majani ya muhogo, kwa Marita na kuomba nyongeza, alimtazama usoni. "Hapana, mzee. Simujui kabisa."

Mpaka hapo Marita alikuwa na huruma kidogo kikapuni. Ikaisha.

Nobert alieleza vizuri, huo ndio ukweli. "Kila mstari nimeuwaza mwenyewe," alimalizia.

"Mwanachama mmoja ajaribu," alisema Kosiya.

Marita alikuwa ameshasimama. "Mimi mujinga wa mashine, mwanangu. Kilo naandika wapi?"

"Hapa, mama."

Kwa kidole kimoja, polepole kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele, akaandika: ng'ombe. Ukuta ukajibu:

BIBI MARITA WA BWERA, KAHAWA HAIPIMWI KWA NG'OMBE. ANDIKA NAMBA.

Mtu wa nyuma ukumbini akaangua kicheko. Kosiya akavua miwani.

"Mama, jina lako nani?"

"Marita, mwenyekiti. Wa Bwera."

"Kijana, si umesema humjui?"

"Huyo ni... ni Marita mwingine, mzee," alisema Nobert. "Bwera iko na Marita wengi."

"Ni kweli, tuko wengi," Marita akakubali kwa upole. Laptopu ilikuwa imeanza kulia, inaomba umeme. Akatoa kikapuni daftari jeusi, akalifungua kwenye ukurasa wa Evas, akaweka kalamu juu yake. Kisha akatoa waya mweusi uliokunjwa vizuri. "Nimekuja na chaja tu. Kuna kijana aliisahau jana mezani kwangu, pembeni ya sahani ya sombe."

Mkono wa Nobert ulishanyooka kuipokea kabla mwenyewe hajauzuia.